Nadhari ya Mwalimu na Mwenendo wa Darasa

Katika shule nyingi za Tanzania ipo desturi ambayo kila aliyepita sekondari anaifahamu. Mwalimu wa kipindi anapochelewa, monita husimama mbele ya darasa akiwa na karatasi mkononi na kuandika majina ya wapiga kelele. Aliyezungumza mara moja huandikwa jina tu. Anayeendelea huongezewa alama ya pili, ya tatu na ya nne, hata mbele ya jina lake pakawa na safu ndefu ya vijiti. Mwalimu akiingia hupewa karatasi, huyasoma majina kwa sauti, na waliotajwa husimama. Dakika 5 au 10 za mwanzo wa kipindi huwa mali yao. Wale wengine, ambao muda wote huo walikuwa wakinakili maelezo au wakimsaidia jirani kutatua hesabu, hawakuandikwa popote, hawatajwi, wala hakuna aliyewatazama.

Kwa macho ya saikolojia, karatasi hiyo ni chombo cha kugawia kitu chenye thamani kubwa darasani, nacho ni nadhari ya mwalimu. Nadhari ni kule kumtazama mwanafunzi, kumwita jina, kusogelea dawati lake, kumwuliza, kumsifu, na hata kumkaripia. Makala haya yanaeleza jinsi nadhari hiyo inavyojenga au kubomoa mwenendo wa darasa, jinsi jambo hilo lilivyopimwa, na kwa nini walimu wengi wenye nia njema huimwaga pasipostahili.

Lumuma, kata iliyoko milimani katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, yajulikana kwa vitunguu vinavyolimwa kwa maji ya mifereji. Mkulima wa huko hana haja ya kufundishwa kuwa maji hayachagui. Mfereji ukifunguliwa kuelekea penye magugu, magugu ndiyo yatakayostawi, hata kama nia ya mkulima ilikuwa kitunguu. Nadhari ya mwalimu hutenda kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo, na kama maji ya mfereji, nayo ina kipimo. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa wanafunzi 60, kila mmoja hupata sekunde 40 tu. Swali la nani azipate sekunde hizo, na kwa kutenda jambo gani, si dogo.

Kutoka kwa paka hadi kwa mwanafunzi

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Edward Thorndike wa Marekani, ambaye mwaka 1898 alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya paka. Alimfungia paka mwenye njaa ndani ya sanduku ambalo mlango wake ulifunguka kwa kuvuta uzi au kukanyaga kijibao, na chakula kikawekwa nje. Mwanzoni paka alikwaruza huku na huko bila mpango, mpaka kwa bahati akafungua mlango. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kufungua ulipungua. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Kanuni hiyo aliiita Sheria ya Matokeo.

B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliipeleka kanuni hiyo mbele kwa majaribio ya panya aliyebonyeza wenzo na kupata punje ya chakula. Matokeo yanayofanya tendo lizidi kurudiwa aliyaita uimarishaji. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kiimarishi hakitambuliwi kwa utamu wake bali kwa athari yake. Ikiwa tendo linaongezeka baada ya kufuatwa na kitu fulani, basi kitu hicho kinaliimarisha, hata kama machoni petu kinaonekana kuwa adhabu. Kijana anayekaripiwa mbele ya wenzake, nao wakacheka, huenda amelipwa ujira mkubwa kuliko wote alioupata siku hiyo.

Hayo si mawazo ya mezani tu. Mwaka 1968 Charles Madsen, Wesley Becker na wenzao walieleza uchunguzi wao wa darasa la watoto wadogo waliokuwa na mazoea ya kusimama na kuzungukazunguka ovyo. Walimu walipoombwa waongeze amri ya “kaa chini”, waliosimama waliongezeka. Walipoipunguza amri hiyo, na badala yake wakawasifu waliokuwa wamekaa wakifanya kazi, waliosimama walipungua. Kila mtoto aliyeambiwa akae alikaa kweli, na hapo ndipo mwalimu anapodanganyika: amri inatii kwa dakika moja na kushindwa kwa juma zima.

Jaribio la Kansas City

Mwaka huohuo wa 1968, R. Vance Hall, Diane Lund na Deloris Jackson walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule za mtaa wa watu maskini mjini Kansas City. Uchunguzi huo wastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu unaonyesha pia jinsi sayansi inavyothibitisha kisababishi.

Mmoja wa waliochunguzwa alikuwa mvulana wa darasa la tatu, aliyekuwa akichezea mipira ya kufungia, akiongea na kucheka na wenzake wakati wa kazi. Mchunguzi alikaa darasani na kuandika, kila baada ya sekunde 10, kama mtoto anafanya kazi au hafanyi, na kama mwalimu anamjali wakati huo au la. Siku za kwanza mwalimu aliendelea kama kawaida yake. Ilionekana kwamba mvulana alifanya kazi kwa asilimia 25 tu ya muda. Jambo la pili lililoonekana ndilo lenye uzito zaidi: asilimia 55 ya nadhari aliyoipata kwa mwalimu ilimjia wakati ambapo hakuwa akifanya kazi.

Kisha mpango ukabadilishwa. Mtoto alipofanya kazi kwa dakika moja mfululizo, mchunguzi aliinua kikaratasi cha rangi, na mwalimu alipokiona alimwendea mtoto na kumpa neno la kumtambua kazi yake. Alipoacha kazi, mwalimu hakumjali. Wastani wa kufanya kazi ulipanda hadi asilimia 71.

Lakini msomaji makini atauliza: yawezekana mtoto alibadilika kwa sababu nyingine? Huenda masomo yalikuwa mepesi zaidi, au nyumbani palikuwa na utulivu. Ili kujibu swali hilo, watafiti walimwomba mwalimu arudie mtindo wake wa zamani kwa siku chache. Kazi ya mtoto ilishuka hadi wastani wa asilimia 50. Mpango mpya uliporejeshwa, ilipanda tena na kutulia kati ya asilimia 70 na 80. Badiliko linalokuja likiitwa, likaondoka likifukuzwa, na kurudi likiitwa tena, ni vigumu kulihesabu kuwa la bahati.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 1968, wa Madsen, Becker na Don Thomas, ulitenganisha vipengele vitatu: kuwatangazia watoto kanuni za darasa, kupuuza makosa madogo, na kusifu mwenendo mwema. Kanuni peke yake hazikubadili mambo kwa kiasi cha kutajika. Shule zenye sheria 20 zilizobandikwa ukutani zingefaa kulitafakari hilo. Kupuuza peke yake nako hakukuleta nafuu ya kutegemewa. Mwenendo ulitengenea pale kupuuza kulipoambatana na sifa. Mtoto aliyenyimwa nadhari upande mmoja ni lazima aonyeshwe mlango wa kuipatia upande mwingine.

Mwaka 1975 Mary Alice White alikusanya matokeo ya kuhesabu maneno ya kukubali na ya kukataa ya walimu katika madarasa mbalimbali ya Marekani. Baada ya darasa la pili, maneno ya kukubali mwenendo yalikuwa machache mno, na yale ya kukataa yalizidi katika kila darasa lililofuata. Yaelekea walimu huona kuwa mwenendo mwema ni deni ambalo mwanafunzi analipa tu, na hakuna anayemshukuru mlipa deni.

Kwa nini fimbo huaminiwa

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 20 husema kwa yakini kwamba sifa huharibu na fimbo hurekebisha? Hasemi uongo. Anasimulia alichokiona, tatizo liko katika namna mambo yalivyojipanga mbele ya macho yake.

Sababu ya kwanza ni ileile ya uimarishaji, ila mara hii anayeimarishwa ni mwalimu. Anapopiga dawati kwa fimbo, kelele hukoma papo hapo. Ukimya huo ni tuzo yake, nayo humfanya apige tena kesho. Kwamba kelele hurejea baada ya dakika 10 hakuingii katika hesabu, kwa kuwa malipo ya haraka hushinda hasara ya baadaye. Sifa, kwa upande wake, huzaa polepole na haina kishindo.

Sababu ya pili ni ya kihesabu, na ilielezwa na Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Alipokuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli kuhusu faida ya sifa, mkufunzi mmoja alimpinga. Alisema kuwa kila alipomsifu mwanafunzi aliyeruka vizuri, safari iliyofuata aliruka vibaya zaidi. Na kila alipomfokea aliyeruka vibaya, safari iliyofuata alifanya vizuri zaidi. Kahneman alitambua kuwa aliyoyaona mkufunzi yalikuwa kweli, ila maana aliyoyapa ilikuwa na kasoro. Tendo lolote lenye sehemu ya bahati, likiwa zuri kupita kiasi, huelekea kufuatwa na la wastani. Na likiwa baya kupita kiasi, nalo huelekea kufuatwa na la wastani. Mambo hurudi kwenye wastani, uwe umesifu, umefoka au umenyamaza.

Kahneman aliwapa wakufunzi hao sarafu wazitupe kwa kugeuzia mgongo shabaha iliyochorwa sakafuni, kila mmoja mara mbili. Wengi waliofanya vizuri kwanza walifanya vibaya baadaye, na kinyume chake. Darasa lolote la sekondari laweza kurudia jaribio hilo kwa kokoto na duara la chaki, na likapata nafasi nzuri ya kujifunza takwimu. Awepo mwanafunzi wa kuwafokea waliokosa na wa kuwasifu waliopata. Mwisho wa jaribio yule mfokaji ataonekana kuwa mwalimu hodari kuliko mwenzake.

Kwa hiyo mwalimu amewekwa katika dunia inayomtuza kwa kukaripia na kumwadhibu kwa kusifu. Bila kuandika na kuhesabu, uzoefu wa miaka 20 unaweza kuwa kosa moja lililorudiwa kwa miaka 20.

Sheria, fimbo na jembe

Jina lenyewe la kiboko linakumbusha asili yake: ngozi ya mnyama huyo ilitengenezewa mijeledi. Adhabu hiyo haikuondoka shuleni pamoja na ukoloni. Kenya iliipiga marufuku katika shule zake mwaka 2001. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ilitoa kanuni za mwaka 2002 ambazo ziliiruhusu kwa mipaka: viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila mara viandikwe katika kitabu, tena viwe kwa ajili ya utovu mkubwa wa nidhamu au kosa la kuivunjia shule heshima. Ni vigumu kuona jinsi mnong'ono wa Kidato cha Pili unavyoweza kuingia katika maneno hayo. Hata hivyo fimbo imeendelea kubebwa hadi darasani kama chaki, na mwaka 2018 taifa lilishtushwa na kifo cha mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera kufuatia kipigo cha shuleni.

Kuna adhabu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni jembe. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule imfanye kijana aheshimu kazi ya mikono na kuiona kuwa sehemu ya elimu yake. Shule iliyo katikati ya wakulima ikimtuma mchelewaji kulima hatua 20 za shamba, huku aliyewahi akibaki darasani, inafundisha somo lililo kinyume kabisa na waraka huo: kwamba kilimo ni mateso ya wakosaji. Mzazi wa Lumuma anayesomesha mwanawe kwa fedha ya vitunguu ana haki ya kushangaa anaposikia kuwa kazi yake ndiyo adhabu ya shule.

Adhabu ina kasoro nyingine ambayo Skinner aliirudia mara nyingi. Humwambia mtu asichopaswa kutenda na kumwachia abahatishe anachopaswa. Tena humfundisha kumkwepa anayeadhibu. Tuseme kijana wa Kidato cha Pili anakaa mbali na shule, na msimu wa kupandikiza miche umewadia. Alfajiri alikuwa na wazazi wake mferejini kwa sababu zamu yao ya maji iliangukia saa hizo. Akifika shuleni kwa kuchelewa hupigwa. Asipofika kabisa hakuna atakayempiga siku hiyo. Hesabu hiyo ni rahisi, na kijana ataifanya. Siku moja ya utoro huzaa ya pili, kwa kuwa sasa ana makosa mawili ya kujibia, na baada ya wiki chache jina lake linabaki katika daftari la mahudhurio tu. Mwalimu aliyempokea kijana huyohuyo kwa kusema, “Umefika, kaa, jirani yako atakuonyesha tulipofika,” na baada ya kipindi akamwita faraghani kuulizia sababu, hakukubali uchelewaji. Ameimarisha tendo la kufika, ambalo ndilo la kwanza kulindwa.

Mgema na tembo lake

Wazee walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wengi huutaja usemi huo kuwa hoja ya kunyima sifa. Wazee haohao walisema pia kuwa chanda chema huvikwa pete. Misemo hiyo miwili haipingani ikiangaliwa vizuri. Mgema aliyeharibika alisifiwa yeye, si tembo lake. Tena alisifiwa jana kwa jumla, na leo hakuna aliyeonja kabla ya kumsifu. Pete, kinyume chake, huvikwa chanda kilichokwisha kuonekana kuwa chema.

Utafiti unaunga mkono tofauti hiyo. Mwaka 1981 Jere Brophy alionyesha kuwa sifa nyingi za walimu hazifungamani na tendo lolote bayana, hivyo haziimarishi chochote. Mwalimu anayesema “mpigieni makofi” kwa kila jibu, liwe la kufikiri au la kubahatisha, ametia maji katika tembo lake mwenyewe. Sifa yenye nguvu hutaja tendo, hufuata tendo kwa haraka na husemwa kwa unyofu: “Umeandika vipimo katika mihimili yote miwili, kwa hiyo grafu yako inasomeka bila maelezo.” Mwanafunzi aliyesikia hivyo anajua la kurudia kesho. Aliyeambiwa “wewe una akili” hajui.

Tena sifa ya akili ina hatari zake. Claudia Mueller na Carol Dweck, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1998, waliwapa watoto maswali, wakawasifu wengine kwa akili na wengine kwa bidii. Walipoletewa maswali magumu wakashindwa, waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi zaidi na kufanya vibaya zaidi baadaye. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Zawadi nazo zataka hadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti baadhi ya watoto wa shule ya chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Baadaye, wakati wa kucheza kwa hiari, watoto hao walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Kilichokuwa furaha kiligeuka kuwa kibarua.

Kwa vijana wa sekondari kuna tatizo jingine ambalo majaribio ya watoto wadogo hayalionyeshi vizuri. Nadhari ya mwalimu si peke yake sokoni. Inashindana na ile ya wenzao. Kijana wa miaka 15 anayesifiwa kwa sauti mbele ya darasa huenda akaitwa kimbelembele hadi jioni, na kesho yake akanyamaza. Hapo sifa imekuwa adhabu, kwa kipimo kilekile cha Skinner. Ndiyo maana kwa rika hili neno la chini linalosemwa mwalimu akipita kati ya madawati, au sentensi moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu katika daftari, hufaa kuliko makofi. Inashangaza kidogo kwamba wino mwekundu umekubalika kuwa wa makosa tu.

Jambo la kuamua kabla ya yote ni mwenendo upi unaoimarishwa. Mwaka 1972 Richard Winett na Robin Winkler walizilaumu tafiti za aina hii kwa kuwa nyingi zilitaka mtoto akae kimya, atulie na awe mtiifu, kana kwamba hayo ndiyo masomo. Lawama hiyo inaihusu sana Tanzania. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, akakuta karibu masomo yote kwa Kiingereza, hunyamaza kwa sababu hana maneno. Mwalimu akiusifu ukimya huo ameimarisha hofu. Kinachostahili nadhari ni jaribio la kusema, hata likiwa limevunjika, na swali linaloulizwa, hata kama linachelewesha kipindi. Darasa linalojifunza lina sauti yake.

Mafunzo yaliyopimwa Afrika Mashariki

Mtu aweza kusema kuwa hayo yote ni ya Marekani. Yapo matokeo ya karibu zaidi. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio la mpango wa kujenga shule njema ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, mpango unaohusisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kuweka nidhamu bila kupiga na kutambua mwenendo mwema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na karibu asilimia 49 katika shule zisizo nao. Bado theluthi moja ilipigwa. Watafiti hawakuficha hilo.

Nchini Tanzania, Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio katika shule za sekondari za serikali. Walimu wa shule zilizochaguliwa kwa kura walipewa mafunzo yasiyozidi wiki moja juu ya uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi, njia za nidhamu zisizo za kupiga, na kuwatambua wanafunzi wenye mizigo ya maisha. Miezi mitatu baadaye, walimu wenyewe na wanafunzi wao pia, walieleza kuwa matusi na vipigo vimepungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo. Wiki moja si muda mrefu katika kalenda ya shule.

Kuhesabu darasani

Mwalimu asiye na mtafiti wala kikaratasi cha rangi anaweza kuanza na punje za mahindi. Atie punje 20 katika mfuko wa kulia. Kila anapotamka neno mahususi la kutambua mwenendo mwema, ahamishe punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Wengi wataona kuwa kipindi cha kwanza kimekwisha na mfuko wa kushoto una punje 2.

Klabu ya sayansi ya shule yaweza kufanya zaidi, kwa ridhaa ya mwalimu na bila kuandika jina la mwanafunzi yeyote. Mtazamaji mmoja mwenye saa huketi nyuma kwa dakika 10 na kugawanya muda huo katika vipande 60 vya sekunde 10. Katika kila kipande humtazama mwanafunzi mmoja kwa zamu, safu kwa safu, na kuweka alama kama anafanya kazi iliyotolewa. Alama 21 kati ya 60 ni asilimia 35. Kwa siku 5 za kwanza hakuna kinachobadilishwa. Siku 5 zifuatazo mwalimu hutumia punje zake. Kisha matokeo huchorwa katika grafu, siku katika mhimili wa ulalo na asilimia katika mhimili wa wima. Ni vizuri wawepo watazamaji wawili wasioonana karatasi. Wakitofautiana sana, kasoro iko katika maana ya “kufanya kazi” waliyokubaliana, nayo irekebishwe kabla ya kuendelea. Kipindi cha kurudia mtindo wa zamani, kama walivyofanya Kansas City, si lazima. Klabu yaweza badala yake kulinganisha mikondo miwili, mmoja ukianza wiki mbili baada ya mwingine, na kuona kama kila mkondo unapanda kwa zamu yake.

Makosa madogo yanayotafuta macho ya watu, kama kugonga kalamu au kuguna, hupuuzwa katika siku hizo, na yafaa mwalimu ajue mapema kuwa yataongezeka kidogo kabla ya kupungua, kwa sababu aliyezoea kulipwa hudai kwa nguvu malipo yanapokatika. Kumpiga mwenzake, kumtukana au kumdhalilisha msichana si mambo ya kupuuzwa. Hayo huzuiwa mara moja, kwa maneno machache na bila hotuba.

Wiki za mwanzo sifa itolewe mara nyingi. Mwenendo ukishatulia, ipunguzwe hatua kwa hatua na bila utaratibu unaotabirika, kwa maana Skinner alionyesha kuwa tendo linaloimarishwa mara mojamoja hudumu kuliko lile lililozoea kuimarishwa kila mara. Grafu ikianza kushuka, punje zirudishwe mfukoni.